Bembea Iliyomsubiri Mgeni

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Aliyetunga msemo huo hakuwahi kupangiwa mgeni na wilaya. Sisi wa Itongori tulipangiwa mmoja, tukamngoja msimu mzima wa pamba, na alipokuja alipona yeye peke yake.

Naitwa Wankyo, binti wa Mama Nyangi, na kazi yangu ni cherehani. Zamani tulikaa juu ya kilima cha Itongori, kile unachokiona ukisimama sokoni Nyamuswa. Mwaka wa sabini na nne watu wa Operesheni wakatuteremsha bondeni tuwe kijiji cha ujamaa. Sisemi kila kitu kilikuwa kibaya. Shule ilikuja. Bomba nalo lilikuja, likatoa maji wiki kadhaa, kisha likatoa upepo. Lakini namna tulivyoteremshwa sijaisamehe, na sina mpango wa kuisamehe.

Lori lilifika asubuhi uji ukiwa bado motoni. Tukaambiwa toeni vyombo, na kabla hatujamaliza kuvitoa wakaanza kuvitupia ndani wenyewe. Mama yangu alipandishwa juu ya kitanda kilichopandishwa juu ya jiwe la kusagia. Njia ya lori hushukia upande wa pili, upande wa Butiama, nayo ni makorongo matupu. Kwenye korongo la kwanza mama akaanguka juu ya lile jiwe, nyonga ya kulia ikavunjika. Haikuunga tena. Tangu siku ile hakutembea, na hata kukaa alikaa kwa kuegemea upande mmoja, akitafuta mahali ambapo mfupa hautamlilia.

Basi ungedhani aliililia nyonga. Hapana. Mama alililia figa.

Kwetu boma halihamishwi kama mbuzi. Siku ya kuhama, mke mwenye boma huuzima moto kwa mkono wake. Kama ni mjane, huenda kwenye kaburi la mumewe na kumwambia kwa kinywa chake kwamba tunahama, tunakwenda mahali fulani, inuka twende. Halafu hunyanyua figa moja, lile jiwe la jikoni lililo upande wa mlango, akalibeba mwenyewe mpaka kwenye nyumba mpya. Asipofanya hivyo, marehemu hajui mlikokwenda. Anabaki na majivu yaliyopoa, akidhani mmemkimbia. Na hakuna wa kumsemea mke. Mtoto hawezi, shemeji hawezi. Baba yangu alioa mke mmoja, kwa hiyo kinywa kilichotakiwa kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa bondeni, hakiwezi kupanda mlima.

Mama alikuwa amebatizwa, na Jumapili alikuwa akiimba sauti ya juu kuliko kwaya. Nilipomuuliza kama mambo hayo mawili hayagombani, alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Mungu anajuaga nilipo," alisema. "Baba yako ndiye hajui."

Tulijaribu kumpandisha. Wanaume wanne wakatengeneza machela ya miti na blanketi, wakaanza nayo njia ya miguu. Pale ambapo mawe huanza kusimama kama ngazi, machela ikalala upande, na mama akapiga ukelele ambao uliwafanya wamshushe bila kuulizana. Njia ya lori ndiyo iliyomvunja, hiyo hakuna aliyethubutu kuitaja. Basi akawa anakaa mlangoni akiutazama mlima, karibu kabisa, kama sahani ya chakula iliyowekwa mbele ya mtu aliyefungwa mikono.

Ndipo ikaja bembea.

Hapo nyuma Wazungu waliochimba dhahabu Itongori walisimamisha nguzo za chuma kutoka bondeni hadi juu, wakapitisha waya mnene kama mkono wa mtoto, na ndoo za chuma zikawa zinashusha mawe. Dhahabu ilipoisha wakaondoka, nguzo zikabaki. Kijiji kilipoanza kulima pamba kule juu, kwenye mashamba yetu wenyewe ya zamani, fundi Enoka akaifufua injini, ndoo zikaanza kushusha magunia. Kisha mtu fulani wilayani akapata wazo kwamba kama magunia yanapanda na kushuka, kwa nini watu wasipande? Wakaleta chumba kidogo cha bati na mbao, chenye mlango na paa, wakakining'iniza kwenye waya. Kwenye karatasi kilikuwa na jina refu. Sisi tukakiita bembea.

Lilikuwa wazo zuri. Mimi si mwepesi wa kusifu, muulize yeyote, lakini hilo nililisifu.

Afisa aliyekuja kutueleza alikuwa kijana mwenye viatu vyembamba. Neno lake lilikuwa "starehe ya abiria", akalirudia mpaka kuku walilizoea. Mkulima naye astarehe, alisema. Aende shambani amekaa kwenye kiti chenye mto na cha kuegemea. Awe na mkanda wa ngozi wa kushika, maana bembea ikivuka nguzo hutikisika. Mapazia ya kuzuia jua, na zulia chini. Kamba ya kengele, ukiivuta fundi aliye kwenye injini ajue unataka kwenda au kusimama. Na vioo pande zote, vioo safi kutoka Musoma, ili abiria aone mandhari. Bembea ingefunguliwa na mgeni mkubwa, na kabla yake asingepanda mtu.

Nikanyoosha mkono. Nikauliza akishashuka mgeni, anafuata nani.

Mwenyekiti wetu, Burito, ndiye aliyejibu. Burito ni wa ukoo wa baba, na kule juu boma lake na letu yalitenganishwa na ua wa minyaa tu. Alijua figa ni nini. Yeye mwenyewe aliwahi kula ugali uliopikwa juu ya mafiga yale.

"Anafuata Mama Nyangi," alisema mbele ya watu wote. "Akishuka mgeni, anapanda Mama Nyangi. Hilo nimelisema mimi."

Watu walipiga makofi kuliko walivyoyapigia zulia.

Kazi ya kushona mito nilipewa mimi. Nikachukua pamba nikaichambua mbegu mpaka vidole vikauma, nikapata na kitambaa cha drili chekundu. Hakuna aliyenipa kipimo, basi kipimo nikakitoa kwa mama. Upande wa kushoto nilijaza pamba ikashindiliwa vizuri. Upande wa kulia, pale mfupa wake usipotaka kuguswa, niliacha bonde, nikalizungushia ukingo laini. Wa mgongoni nao niliushona ukiwa mnene chini na mwembamba juu. Nikafumua, nikashona tena. Siku nilipomaliza nilimkalisha mama juu yake nyumbani kwetu, akakaa wima. Akakaa, akawa kama anasikiliza kitu. Kisha akaniomba chakula. Alikula ugali na samaki furu wa kukaanga mpaka akaramba sahani, akiwa amekaa kama watu wengine, na mimi nikaenda nyuma ya nyumba nikalia.

"Na mgeni naye nyonga yake ni mbovu?" aliniuliza niliporudi.

"Mgeni atakalia anachokikuta," nilimwambia. "Hii ni ya kwako."

Kesho yake nikaipeleka mito ofisini.

Mgeni hakuja. Mara mvua, mara kikao, mara gari lake limekosa petroli. Bembea ilifunikwa turubai ikafungwa kamba. Wakulima waliendelea kupanda mlima kwa miguu wakipita chini ya chumba chenye zulia. Mama alianza kuisha. Nilimwona akipungua kama sabuni, na kila asubuhi aliniuliza kama mgeni amefika.

Nikamwendea Burito. "Mwenyekiti, apande leo. Nani ataona?"

"Kiti cha mgeni hakikaliwi, Wankyo."

"Hachafui. Nitatandika kanga."

"Na akikuta mto umebonyea? Mimi ndiye nitaulizwa, siyo wewe." Akashusha sauti. "Mama yangu mdogo yule. Unafikiri sitaki? Subiri kidogo. Ahadi ni deni."

Nilimjibu kwamba deni hulipwa mdai akiwa hai. Hakupenda, lakini pia hakufungua turubai.

Wiki ya mwisho tukakatazwa kupanda mlimani. Tukaambiwa juu kunafanywa usafi wa mandhari, kila mtu abaki bondeni. Trekta la kuazima lilipita njia ya lori, tukalisikia likinguruma juu mchana kutwa. Ndoo za kwenye waya zikawa zinashusha mawe, na vijana wakayapanga mistari miwili, kutoka barabarani mpaka kwenye ngazi za bembea, wakayapaka chokaa. Mlima wenyewe ni mawe matupu, nani angeuliza yametoka wapi? Yalipendeza. Nilipita katikati yake nimebeba mapazia, nikasema moyoni kwamba safari hii tumefanya kazi ya maana.

Mgeni akaja. Mwanamume mnene, si mbaya wa uso, mwenye kutoka jasho sana. Alipita katikati ya mawe meupe, tukaimba. Akakata utepe, akaingia, akakaa. Nilikuwa mlangoni, maana niliwekwa pale ninyooshe pazia. Nikaona mgongo wake ukiupata mto, na macho yake yakajifunga yenyewe.

"Ah," alisema. "Hapa mtu unaweza kulala."

Akashika mkanda wa ngozi, akagonga kioo kwa ukucha. Kisha akavuta kamba ya kengele, kwa kujaribu tu. Enoka kule kwenye injini akasikia kengele, akafanya kama alivyofundishwa. Bembea ikanyanyuka na kwenda mbele urefu wa mkono. Mgeni alifungua mlango mwenyewe, akashuka haraka kuliko nilivyotegemea kwa mtu wa mwili ule. Alipopata pumzi akasema ratiba imebana, anasubiriwa Bunda, lakini ameridhika kabisa. Akapigwa picha amesimama kando ya bembea, mkono juu ya mlango. Akahutubia. Akasema enzi za mkulima kubebwa kama gunia zimekwisha.

Hakupanda. Ninalirudia ili lieleweke: mgeni hakupanda juu.

Alipokuwa anaaga alisema, kama mtu anayejisemea, kwamba barabara ya Bunda inamuumiza mgongo na gari lake lina viti vya mbao. Akaitazama mito. Burito hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

"Kijiji kinakuzawadia, mheshimiwa," alisema, na kabla sijafungua mdomo vijana wakaing'oa mito yangu, wa kukalia na wa kuegemea, wakaiweka kwenye Landrova. Mgeni akakaa juu ya bonde nililomwachia mama, makalio yake yakalijaza, gari likaondoka. Watu wakapiga makofi. Mikono yangu haikupiga.

"Mwenyekiti," nilisema, "mama atakalia nini?"

"Bembea si ipo?" alijibu Burito bila kunitazama. "Nilisema atapanda, na atapanda. Mlete kesho."

Nilimleta. Zilibaki mbao, na misumari iliyokuwa imeshika mito. Nikakaa mimi kwenye mbao, nikampakata mama, nyonga yake mbovu ikaning'inia kati ya mapaja yangu. Alikuwa mwepesi. Mwanamke aliyenibeba mgongoni nikiwa mkubwa wa kutosha kutembea, sasa nilimpakata na miguu haikufa ganzi. Alikuwa amevaa kanga mpya, na mkononi ameshika kitambaa cha kufungia figa.

Nikamwacha avute kengele. Bembea ikanyanyuka, ardhi ikashuka, na mama akacheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake. Alifungua pazia, akafunga, akafungua. Tulipovuka nguzo ya kwanza tukatikisika, akaushika mkanda wa ngozi kwa mikono miwili, akasema, "Huu wamefanya vizuri." Ziwa likatokea mbali, jeupe, na upande wa kisiwa cha Rukuba moshi wa wavuvi. Akanionyesha kila kitu kana kwamba nilikuwa mgeni mimi. Njia nzima alikuwa akiyafanyia mazoezi maneno yake, midomo ikichezacheza: tunahama, baba Wankyo, tunakwenda bondeni, inuka twende.

Tulipokaribia juu akasogeza uso kwenye kioo.

"Wankyo," aliniambia, "wametuleta mlima gani?"

Nikatazama. Kioo kilikuwa safi, wala siwezi kukisingizia. Mlimani hapakuwa na boma. Hapakuwa na kuta zilizobomoka, wala ua wa minyaa, wala mkuyu uliokuwa kichwani mwa kaburi la baba. Palikuwa na matuta, matuta yaliyonyooka kutoka ukingo mmoja wa mlima hadi mwingine, udongo mwekundu umechanwa vizuri kama nywele za mwanafunzi.

Aliyetupokea juu ni Kwangu, jirani yetu wa zamani, aliyewekwa pale kufungua mlango. Alimpokea mama mikononi, na mama akamuuliza yeye lile lile: ni mlima gani huu.

"Ni Itongori, mama," Kwangu alisema. "Ilikuwa amri. Walisema mgeni akitazama kwenye kioo asione magofu. Atauliza nyumba za nani zimebomolewa, na nani aliyebomoa. Basi wakapitisha trekta."

"Na makaburi?"

"Trekta haichaguagi, mama."

Kwangu alimbeba tuta hadi tuta. Alijaribu kukumbuka: hapa palikuwa mlango, hapana, pale. Mama akaomba awekwe chini. Akagusa udongo, akauchota, akaunusa. Alifungua mdomo kuyasema maneno yake, kisha akaufunga. Akaniuliza aelekee wapi. Mimi bintiye, niliyezaliwa pale, sikuweza kumwonyesha baba yangu amelala upande gani. Nilimshika mabega nikamgeuza mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa nakisia, na yeye alijua.

"Sisemi na pamba," alisema mama. "Nipeni figa langu twende."

Kwangu aliinamisha kichwa. "Mawe yote yalishushwa, mama. Ndiyo yale ya chini, ya njia ya mgeni."

Tukashuka. Mama hakuvuta kengele, nikaivuta mimi. Hakutazama ziwa. Chini, Enoka na mwenzake walimbeba kupita katikati ya mistari miwili ya mawe meupe, na mama akayatazama moja moja kama mtu anayetafuta uso wa ndugu kwenye umati. Karibu na barabara akawaambia simameni. Lilikuwepo pale, mstari wa kushoto. Nami nililijua mara moja, chokaa au si chokaa, kwa sababu ya mfereji ulio juu yake: miaka yote alinolea kisu hapo akisubiri maji yachemke. Akaweka kidole kwenye mfereji. Kidole kikatoka cheupe.

"Limehama," alisema. "Jiwe limehama, mwenyewe hajaambiwa."

Sikuona akilia. Mimi ndiye niliyelia, kwa hasira, na nikamtukana Burito kwa majina yote ya ukoo wetu, mbele ya ofisi yake. Alitoka akasimama mlangoni na kofia mkononi. Alikuwa na baba yake kule juu pia, chini ya matuta yale yale. Mimi sikumwonea huruma.

Mama hakufika mavuno. Siku zake za mwisho alikuwa akimwita baba, siyo kama mtu anayemfuata, bali kama mtu anayemwelekeza njia: shuka, pita nguzo, tuko huku. Akikosa jibu alikuwa akiniuliza kama bembea imekwenda kumchukua. Nilimwambia imekwenda.

Tulimzika bondeni, kwenye makaburi ya kijiji. Nikalichukua figa kutoka kwenye mstari, nikalisugua chokaa kwa mchanga mpaka weusi wa moshi wake ukaonekana, nikaliweka kichwani kwake.

Baada ya muda mfupi nilikwenda kupalilia kaburi, nikakuta figa halipo. Niliteremka mpaka barabarani. Lilikuwa limerudishwa mahali pake, limepakwa chokaa upya, mfereji umejaa. Burito alinikuta nimesimama hapo. Akanieleza, kwa upole kabisa, kwamba wilaya imeleta habari za mgeni mwingine, na lile pengo lilikuwa linaharibu mstari.